Kanuni za Timu Zimbane Hata Kocha

Kila muhula wa kwanza unapokaribia, shule zetu za upili za wasichana huchagua timu za mpira wa vikapu, na pamoja na jezi hutolewa kanuni. Usichelewe mazoezi. Usimjibu mwalimu. Usibebe simu. Usionekane ukizungumza na mvulana. Usiaibishe shule. Msichana hutia sahihi, mzazi hutia sahihi, karatasi huingia kwenye faili, na mjadala wa nidhamu huishia hapo hadi siku mtu atakapokosea. Hatuna ugomvi na karatasi hiyo. Ugomvi wetu ni kwamba mtu mwenye mamlaka makubwa zaidi uwanjani, yaani kocha, mara nyingi hajaandikiwa humo neno hata moja.

Tunalisema hili kwa ajili ya Kangeta na Igembe nzima, kwa sababu hapa nidhamu ya timu ya wasichana si jambo la kupuuzwa. Kangeta iko kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, na jina lake linajulikana Nairobi na Mombasa kwa miraa kabla halijajulikana kwa lolote lingine. Miraa huleta pesa taslimu kila siku, na pesa hizo huingia mifukoni mwa vijana walioacha shule mapema. Msichana anayetoka mazoezini saa kumi na mbili jioni hupita mbele ya vijana hao, mbele ya bodaboda na mbele ya magari yanayokimbiza mzigo. Mzazi anayekubali binti yake abaki shuleni hadi saa hiyo ili acheze mpira ameipa shule imani kubwa. Ana haki ya kujua wachezaji wanatarajiwa kufanya nini, na ana haki iyo hiyo ya kujua watu wazima wanaowasimamia wanatarajiwa kufanya nini.

Tuanze na wachezaji, maana hatutaki mtu adhani tunawatetea wasiwe na mipaka. Mpira wa vikapu ni mchezo mkali kwa utovu wa nidhamu kuliko michezo mingi inayochezwa shuleni. Uwanjani wapo watano tu. Mchezaji akifikisha faulo tano, ametoka na harudi. Timu ikishafanya faulo nne katika robo moja, faulo ya tano kwa anayeshambulia humpa mpinzani mitupo miwili huru, hata kama ilikuwa ya kumgusa mkono tu. Kumfokea refa, kuupiga mpira chini kwa hasira au kumkejeli mpinzani ni faulo ya kiufundi: mtupo mmoja huru, na ukirudia mara ya pili unaondoka uwanjani. Nahodha ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na refa, tena kwa adabu na mpira ukiwa umesimama. Hata kucha zimo katika kanuni za FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu: ni lazima zikatwe fupi. Hereni na mikufu huvuliwa.

Kwa hiyo mwalimu anapomwambia msichana akate kucha, avue hereni, anyamaze refa anapopuliza filimbi na amwachie nahodha aulize, hamwonei. Anamfundisha mchezo wenyewe. Mechi ya kaunti ndogo huweza kuamuliwa kwa pointi moja au mbili, na pointi hizo huweza kutoka katika mdomo wa mchezaji mmoja aliyeshindwa kuuzuia. Msichana anayejua hivyo huwa hahitaji kuhubiriwa kuhusu heshima. Anaiona thamani yake kwenye ubao wa pointi.

Lakini mwenendo tunaoujali zaidi ni ule ambao refa haoni. Timu huandikisha hadi wachezaji 12, na wengi wao watakaa benchi. Hao wa benchi ndio kipimo cha timu. Msichana aliyefanya mazoezi muhula mzima, akasafiri, kisha akaingizwa kwa dakika mbili za mwisho timu ikiwa imeshapoteza, ana sababu ya kununa. Tunatarajia asinune. Tunatarajia ainuke amshike mkono anayetoka, ampe maji, ajue idadi ya faulo za kila mmoja, aingie akiwa tayari. Na tunatarajia nyota wa timu, yule ambaye shule nzima inaimba jina lake, abebe mfuko wa mipira zamu yake ikifika kama wengine. Katika timu nyingi tulizozitazama, mfuko wa mipira hubebwa na wadogo siku zote. Huo si utamaduni wa timu, ni ubwana tu, na mwalimu anayeufumbia macho asishangae mwaka unaofuata akikosa wachezaji wapya.

Lugha pia. Matusi kwa mpinzani, kicheko mpinzani anapoanguka, kumzomea msichana wa shule nyingine kwa umbo lake au kwa viatu vyake vilivyochanika: haya yakatazwe waziwazi na yaadhibiwe. Shule zetu hazilingani kwa uwezo. Kuna timu zinazokuja kwa basi la shule zikiwa na raba mpya, na kuna timu zinazofika zimebanana katika gari la kukodi huku wachezaji wawili wakibadilishana viatu. Msichana aliyelelewa vizuri hayageuzi hayo kuwa silaha.

Kuhusu masomo tuna msimamo ambao huenda usiwapendeze walimu wote. Shule nyingi hutishia kumwondoa kwenye timu mchezaji ambaye alama zake zimeshuka. Tunaona kipimo hicho si cha haki. Alama hushuka kwa sababu nyingi, zikiwemo karo isiyolipwa na majuma ambayo mtoto alikuwa nyumbani akiitafuta. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kile kilicho mikononi mwa mchezaji mwenyewe: ahudhurie kila kipindi, amalize kazi aliyopewa, na akirudi kutoka mashindanoni atafute alichokikosa. Asiyefanya hivyo akae nje mechi moja, hata kama ni fainali ya kaunti. Anayefanya hivyo na bado akapata D abaki kwenye timu, na shule imtafutie msaada. Kwa wasichana wengi timu ndiyo sababu ya kuamka asubuhi na kwenda shule. Ukimnyang'anya timu, usidhani atahamia kwenye hesabu.

Mfano mzuri wa jambo hili uko mbali nasi, Tennessee huko Marekani. Pat Summitt alikabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22. Wakati huo mchezo wa wanawake haukuwa na pesa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha gari la timu na kufua jezi. Alikuwa mkali kupita kiasi. Hakuruhusu mchezaji akose darasa, na aliwataka waketi safu tatu za mbele. Alifundisha kwa misimu 38, akashinda mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8, na kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini yake alipata shahada. Walimu wetu hupenda kusimulia ukali wa watu kama yeye. Tungependa wasimulie pia habari ya kufua jezi. Ukali wake ulikubalika kwa sababu wachezaji walimwona akijibana yeye kwanza kabla ya kuwabana wao.

Hapo ndipo tunaporudi kwa kocha. Wenye mchezo walishalitambua jambo hili. Mchezaji wa akiba akisimama na kumtukana refa, faulo ya kiufundi ya benchi haiandikwi kwa jina la mchezaji huyo. Huandikwa kwa kocha, na zikizidi, kocha ndiye anayetolewa uwanjani. Maana yake iko wazi: mwenendo wa benchi ni mzigo wa mtu mzima anayeiongoza. Kama kanuni za mchezo zinambana, karatasi ya shule inamwachaje?

Lipo suala la adhabu. Bado wapo wanaoamini kwamba timu haiwezi kufika mashindano ya kanda bila fimbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kimwili na ya kumdhalilisha mwanafunzi, na anayeikiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyo haiishii kwenye mlango wa darasa. Inafika uwanjani, kwenye basi na kwenye bweni la shule mwenyeji. Kumpiga msichana kwa kukosa mtupo huru ni kosa. Kumkimbiza raundi za uwanja hadi atapike ni kosa. Kumsimamisha mbele ya wenzake na kumwita mnene ni kosa vilevile, ingawa hakuna aliyemgusa. Adhabu ya timu iwe ya timu: kukosa dakika, kukosa mechi, kukosa unahodha. Mchezaji yeyote wa kweli atakwambia kwamba kuketi benchi akiangalia wenzake wakicheza kunauma kuliko kiboko.

Kisha lipo suala linaloogopwa kutajwa. Wakubwa huonya wasichana wa timu juu ya wavulana, na onyo hilo si baya. Lakini mwaka 2021 mpira wa vikapu wa wanawake nchini ulitikiswa na madai ya wachezaji kwamba walidhulumiwa kingono, na walionyooshewa kidole hawakuwa wavulana wa shule jirani. Walikuwa makocha. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilikuwa imetoa waraka tangu mwaka 2010 kuhusu kuwakinga wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na waraka huo unamtaka mwalimu anayejua kisa atoe taarifa ndani ya saa 24. Ni wachezaji wangapi wa shule zetu wamewahi kusomewa maneno hayo? Wanasomewa marufuku ya simu. Hawasomewi kwamba kocha haruhusiwi kuwatongoza, na kwamba akifanya hivyo kuna mahali pa kwenda kusema.

Tunataka yaandikwe. Kocha hamwiti mchezaji mmoja chumbani, ofisini mlango ukiwa umefungwa, wala nyumbani kwake. Hamtumii mchezaji ujumbe wa faragha usiku wala wakati wa likizo. Timu ya wasichana haisafiri bila mwalimu wa kike, na pakiwa na kulala nje, mwalimu huyo analala karibu na wachezaji, si katika gesti mjini. Serikali imekwisha kukataza mabasi ya shule kusafiri usiku, kwa hiyo ratiba inayofanya timu irudi kupitia barabara ya Maua saa nne usiku ni kosa la aliyeipanga, na mchezaji anayekataa kupanda gari hilo asiitwe mkaidi. Matibabu na kuchua misuli yafanywe mbele ya mtu wa pili. Na nafasi ya kucheza isiwe hongo. Msichana asipate dakika kwa kumpendeza mtu, wala asizikose kwa kumkataa.

Kwa jambo la mimba tutasema wazi, kwa kuwa Igembe tunaijua. Bado wapo wanaouchukulia ujauzito kuwa utovu wa nidhamu wa kumfukuzisha mchezaji moja kwa moja. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni baada ya miezi sita. Akiruhusiwa kurudi darasani, anakatazwa uwanja kwa hoja ipi? Akipona, akapata kibali cha daktari na akataka kucheza, apimwe kwa mazoezi kama mwingine yeyote. Kumfungia nje ni kumwadhibu yeye peke yake kwa jambo ambalo mara nyingi mwanamume mzima alihusika nalo, na mwanamume huyo bado anatembea barabarani.

Shule pia ina wajibu mdogo mdogo ambao huwa haufikiriwi kuwa nidhamu. Mchezaji akikosa mazoezi siku tatu kila mwezi, kabla ya kumwita mvivu mwalimu aulize kama ana sodo. Sheria ya elimu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, na shule inapaswa kuhakikisha zinawafikia. Vivyo hivyo mavazi. Msichana anayetaka kuvaa suruali ndefu ya kubana chini ya kaptura, au Mwislamu anayetaka kufunika kichwa, asiambiwe anaharibu sare. FIBA yenyewe iliruhusu kitambaa cha kichwa kuanzia Oktoba 2017. Wakufunzi wanaoendelea kukikataza wanashikilia kanuni iliyokwisha kufutwa.

Nani aziandike kanuni hizi? Wachezaji wawemo. Meru ina kumbukumbu yake ya amri waliyowekewa wasichana pasipo wasichana. Aprili 1956 wazee wa baraza la Njuri Ncheke walipiga marufuku ukeketaji kwa kauli moja. Kuupinga kulikuwa sahihi, na tangu mwaka 2011 sheria ya nchi inauharamisha. Lakini marufuku ile ilishushwa kutoka juu, katika miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yake, na wasichana wenyewe hawakuulizwa wala kuelezwa. Wasichana wakakaidi. Walikwenda wakakeketana wenyewe kwa nyembe walizonunua madukani, wakajulikana kwa jina la Ngaitana, na katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana wakiwemo, wakashtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Iliumiza wale wale iliyokusudiwa kuwalinda.

Saa ya kuanza mazoezi si jambo zito kama hilo, na hatuyalinganishi. Tunachosema ni kwamba msichana wa miaka 16 hupima amri kwa aliyeitoa na namna ilivyomfikia. Mpe kalamu. Muulize timu ifanye nini na anayechelewa, na utashangaa jinsi wachezaji wanavyokuwa wakali kuliko mwalimu. Huenda kazi ya mwalimu ikawa kuwapunguza makali. Waachwe pia wachague nahodha kwa kura. Nahodha aliyeteuliwa na kocha husita kumpelekea kocha malalamiko, na timu isiyo na wa kupeleka malalamiko huyamaliza kwa kususia mazoezi au kwa kugombana bwenini.

Wazazi na mashabiki tunawaachia sentensi chache. Anayekuja uwanjani amelewa arudishwe langoni. Wavulana wanaosimama kando ya mstari kupiga kelele juu ya mapaja ya wachezaji waondolewe, na mechi isimame hadi waondoke. Baba anayemfokea binti yake kutoka pembeni akumbuke kwamba timu ina kocha.

Haya yote yana uzito zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Mtaala mpya umeifanya Sanaa na Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, kwa hiyo uwanja umekuwa sehemu ya masomo yenyewe. Na mlango wa nje uko wazi kweli. Madina Okot alichezea Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kuvuka kwenda Mississippi State na baadaye South Carolina, mojawapo ya timu kubwa kabisa za vyuo vya wanawake Marekani. Si kila msichana wa Igembe atafika huko, na hatutaki wadanganywe. Ila kipaji kinaweza kuzimwa hapa hapa, katika kidato cha tatu, na kocha mwenye kiboko au mwenye tamaa, na mchezaji akabaki kuitwa mtovu wa nidhamu kwa kuondoka.

Bodi za shule za Igembe ya Kati zina muda wa kutosha kabla ya mechi za kaunti ndogo. Ziwaite wachezaji, kocha, mwalimu mlezi na wazazi wachache katika chumba kimoja kwa alasiri moja. Kanuni zisizidi ukurasa mmoja, ziandikwe kwa lugha ambayo mzazi asiyesoma sana anaweza kusomewa na akaelewa, na ziwe na jina na namba ya simu ya mtu asiye kocha ambaye mchezaji anaweza kumpigia. Kocha atie sahihi kwanza, mbele ya wachezaji wake. Asiyetaka kutia sahihi asipewe timu.